Bekapu ya usiku isiyoisha hadi asubuhi

Kila Machi 31, Siku ya Bekapu Duniani, inapokaribia, dawati letu hupokea lalamiko lilelile: bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, imeanza jana jioni, asubuhi bado inaendelea na mtandao wa ofisi unajikokota. Watu hulaumu wingi wa data. Mara nyingi kosa ni la programu inayopitia faili moja moja ikitafuta iliyobadilika.

ZFS, mfumo wa faili (unaopanga data kwenye diski) uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, haihitaji upekuzi huo. Haiandiki juu ya data ya zamani. Badiliko huandikwa kwenye kipande kipya, na kila kielekezi, yaani alama inayoonyesha kipande kilipo, hubeba namba ya awamu ya uandishi kilipozaliwa. Vielekezi hupangwa kama matawi ya mti. Tawi lenye namba ya zamani hurukwa lote bila kusomwa. Kwa hiyo hifadhidata ya GB 40 iliyoguswa rekodi chache hutuma vipande vilivyoguswa tu, kwa kawaida visivyozidi KB 128 kila kimoja. Btrfs, mfumo mwingine wa faili, nayo inao utaratibu wa namna hiyo. Hatumwelekezi mtu anunue nini.

Utaratibu ufuatwe kama ulivyo. Piga picha (snapshot) ya mfumo wa faili, yaani hifadhi hali yake ilivyo wakati huo, itume nzima kwenye mashine ya pili mara ya kwanza. Kesho yake piga nyingine, kisha tumia amri ya zfs send -i kutuma tofauti ya hizo mbili. Picha ya jana isifutwe upande wowote kabla ya ya leo kupokelewa kikamilifu. Ikipotea, utaanza upya kwa kutuma yote. Upande unaopokea uwekwe readonly=on (usomwe tu), maana mtu akiandika humo, bekapu inayofuata itakataliwa.

Na tafadhali: picha iliyo kwenye diski ileile si bekapu. Diski ikifa, picha nazo zimekwenda. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Kwa walioko Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uweze kurejesha data binafsi kwa wakati baada ya hitilafu. Faini ya kiutawala hufikia shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili. Sheria hiyohiyo humpa mwananchi haki ya kuomba data yake ifutwe, lakini data hiyo huendelea kukaa ndani ya picha za zamani. Basi andikeni muda wa kutunza picha, na zikifika mwisho zifutwe pande zote mbili.