Umepandikizwa figo? Maswali kuhusu virusi

Kwanini nimeze dawa za kushusha kinga wakati kinga ndo inanilinda?
Mwili unaiona figo ya mtu mwingine kama mvamizi, kinga ikiachiwa itaishambulia mpaka ife. Ndo maana unapewa takrolimasi, predinisoloni na nyinginezo, na utameza maadamu figo hiyo inafanya kazi. Shida dawa hizi hazichagui, zinapunguza pia nguvu ya kupambana na virusi.

Mbona nakaa ndani tu, hivyo virusi navitoa wapi?
Hapa wengi wanakosea. Kuvaa barakoa na kupunguza wageni ni vizuri sana, ila virusi vinavyosumbua zaidi mara nyingi vimo tayari mwilini. Kuna kimoja madokta wanakiita CMV, huku kwetu Afrika watu wengi wanakipata utotoni bila kujua, kinalala tu maisha yote alafu kinga ikishuka kinaamka. Kinaweza pia kuja na figo yenyewe, na mwenye hatari kubwa ni yule ambaye hajawahi kukipata halafu aliyemtolea figo anacho. Utaona homa, uchovu, kuharisha. Ndo maana miezi 3 hadi 6 ya mwanzo wengi wanapewa dawa ya kukizuia, usiikatishe.

Najisikia fresh kabisa, kliniki niende ya nini?
Kwa sababu ya BK. Hiki kirusi kilielezwa mwaka 1971 kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, na kibaya chake hakiumi wala hakileti homa, kinaitafuna figo kimyakimya mpaka siku unapima kreatinini (taka ya kwenye damu inayochujwa na figo) unakuta imepanda. Kipimo cha damu kinakiona mapema. Dawa ya uhakika ya kukiua hakuna, daktari anapunguza dozi za kushusha kinga ili mwili ujipiganie, lakini zikipungua mno figo inakataliwa, kwahiyo tafadhali usijipunguzie mwenyewe hata kama dawa ni ghali na unatamani kuruka siku moja moja, ongea na daktari wako kwanza.

Chanjo je?
Zenye virusi hai kama ya surua, tetekuwanga na homa ya manjano usichome, ukitaka kusafiri waambie kliniki mapema. Ya homa ya ini B na sindano ya mafua hazina virusi hai, uliza tu lini uchome. Anayesubiri upasuaji amalize chanjo zake sasa.

Mtoto nyumbani ana tetekuwanga, nifanyeje?
Usisubiri upele ukutoke. Piga simu kliniki siku hiyohiyo, kuna dawa za kukukinga ila zinataka kuanzwa mapema.