Dar hadi Guangzhou si saa 15: jinsi ya kusoma muda kwenye tiketi ya ndege

Wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou, China, wamekuwa wakituuliza kwa nini kwenda kunachukua saa 15 na nusu lakini kurudi saa 6 tu. Wengine wanaamini wanazungushwa. Hawazungushwi.

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Guangzhou, kwa njia fupi ya angani, ni takriban kilomita 8,700. Ndege kubwa ikienda kilomita 900 kwa saa ingemaliza kwa saa 9 na dakika 40. Lakini muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa, kwa hiyo unahusisha kusubiri barabara ya kurukia, kupanda, kushuka na kukwepa mawingu mabaya. Kurudi, ndege mara nyingi hukabiliana na upepo wa juu uvumao kutoka magharibi, hivyo huchelewa kidogo.

Muda wa tiketi ni wa mji husika. Guangzhou wametutangulia kwa saa 5. Ukiondoka Dar saa 10:00, yaani saa nne asubuhi, ukakaa angani saa 10 na nusu, utatua saa 01:30 ya huko, tarehe ya kesho yake. Ukirudi, ukatoka saa 03:30 na kusafiri saa 11, utafika Dar saa 09:30. Kutoa namba moja kwa nyingine bila kusawazisha saa hizo 5 si hesabu, na tumelieleza hili mara nyingi.

Linalotuumiza zaidi ni tarehe. Tiketi ikisomeka tarehe 15 saa 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini usiku, huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani ufike tarehe 14, saa tatu na dakika arobaini usiku, na foleni ya magari ya Tazara, njiani kwenda uwanjani, uiweke kwenye hesabu. Anayekuja usiku wa tarehe 15 anakuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Tumeona mama akilia kaunta, mtaji wote umo safarini. Abiria asipotokea, mashirika mengi hufuta hata safari ya kurudi, na marejesho ya nauli hutegemea masharti ya tiketi aliyonunua. Yasome kabla ya kulipa.

Kama mzigo uliosafiri nao kwenye ndege ndio umepata tatizo, andika taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, ukiwa na tiketi, pasi ya kupandia ndege na tagi ya mzigo. Kwa safari zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Shauri la fidia hufunguliwa ndani ya miaka 2. Simu kwa wakala aliyekuuzia tiketi haihesabiki kuwa malalamiko ya maandishi.