Mgonjwa wa kwenye kompyuta: tunayodhani na yalivyo

"Huo ni mchezo wa watoto." Ndilo neno la kwanza ninalolisikia kila ninapowaomba madaktari wenzangu hapa Bukavu tuwazoeze stajeri, yaani wanafunzi wa udaktari walio kwenye mazoezi, kwa wagonjwa wa kwenye kompyuta (visa vya kubuni ambavyo mwanafunzi anavitibu ndani ya programu) kabla hawajaanza zamu za usiku.

Tazama mchezo wenyewe. Mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, analeta mtoto wa miaka 3. "Mutoto iko na malaria," anasema, maana wengi kwetu huita homa yoyote malaria. Mwanafunzi anaomba kipimo cha haraka, kinatoka chanya, anaandika dawa. Programu haimkatazi. Saa zinakwenda kwenye kioo, mtoto anashikwa na degedege. Mwanafunzi akirudi nyuma anakuta swali ambalo hakuliuliza: mtoto alikwisha kunywa dawa ya malaria wiki mbili zilizopita, na kipimo kile huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Shingo pia hakuipima kama imekakamaa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Kuridhika na jibu la kwanza ni kosa la kila daktari kijana. Nilitamani sana lifanyike pale kwenye kioo, wodini lisijirudie.

Wengine wanaogopa kwamba kompyuta itamwondoa mgonjwa kitandani. Haiwezi. Wengu hupapaswa kwa vidole, na hakuna programu itakayokufundisha kukaa na mama aliyefiwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya majaribio 51 ulionyesha kwamba kwa maarifa, wagonjwa hawa wanalingana na masomo ya kawaida. Kwa ujuzi wa kutenda, ukiwemo kufikiri kitabibu, wanayazidi.

Gharama? Watu wanawachanganya wagonjwa hawa na ile midoli ya kufanyia mazoezi, ambayo kweli ni ghali. Kisa cha maandishi na picha kinafunguka kwenye kompyuta kuukuu, bila intaneti, betri ikiwa na chaji.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba tukipata visa vilivyotengenezwa Ulaya, kazi imekwisha. Tangu mwaka 1978, utafiti wa Elstein na wenzake Marekani ulionyesha kwamba anayefikiri vizuri juu ya kisa kimoja anaweza kukwama kwenye kingine. Kwa hiyo visa viwili vitatu havitoshi, vinahitajika vingi. Na homa ya Bruxelles si homa ya Bagira, mtaa mwingine wa hapa kwetu: uzito wa kila ugonjwa unaoushuku hubadilika na mahali. Visa hivi tunapaswa kuviandika sisi, kutoka kwenye mafaili ya wodi zetu, majina yakiwa yamefutwa, na mgonjwa aongee Kiswahili cha Bukavu hata kama somo ni la Kifaransa.

Kisa kikiisha, mwalimu asifunge kompyuta. Aulize kila mmoja: ulipoona kipimo chanya, uliacha kufikiria nini?