Dhoruba za usiku katika Nyanda Kuu za Marekani

Sehemu nyingi za bara, mvua ya radi huzaliwa na joto la mchana na kufifia jua linapozama. Katika Nyanda Kuu za Marekani, hasa majimbo ya Nebraska, Kansas na majirani zao, sehemu kubwa ya mvua ya majira ya joto hunyesha usiku, na pepo za dhoruba zinaweza kuezua mapaa watu wakiwa wamelala. Mimi kama mtabiri wa hali ya hewa naliona jambo hili kuwa zito, kwa kuwa wengi hudhani hewa ikishapoa hatari imekwisha.

Mawingu hujijenga alasiri kwenye Milima ya Rocky, kisha husogea mashariki. Wakati huo huo, jua likishazama, ardhi hupoa na msukosuko wa hewa uliokuwa ukiuzuia upepo wa kusini hutulia, hivyo upepo huo, mita mia kadhaa juu ya ardhi, huongeza kasi hadi kuzidi kilomita 70 kwa saa, ukiwa umebeba unyevu wa Ghuba ya Meksiko. Dhoruba iliyokosa joto la jua hupata riziki nyingine.

Mvua inayopita katika hewa kavu huvukiza kwa sehemu. Hewa hiyo hupoa, huwa nzito, huporomoka na kutambaa mbele ya mvua. Upepo unaoingia kutoka nyuma ukiisukuma, mstari wa dhoruba hupinda mfano wa uta, umbo ambalo mtafiti wa dhoruba Tetsuya Fujita alilieleza katika miaka ya 1970. Nikiliona kwenye rada, likiwa na pengo mgongoni pale mwangwi wa mvua (mawimbi ya rada yanayorudishwa na matone) unapodhoofika, huangalia mara moja vituo vya hali ya hewa vilivyo mbele yake: kanieneo (shinikizo) ya hewa hupanda ghafla, joto hushuka kwa dakika chache, na upepo wa kusini hugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi hata kabla ya tone la kwanza.

Ni kweli kwamba hewa baridi ya usiku iliyolala juu ya ardhi huweza kuzuia upepo wa juu usifike chini. Mimi siitegemei kinga hiyo, kwa sababu dhoruba iliyokwisha kujipanga huipenya.

Dhoruba kubwa za aina hii huitwa derecho, jina alilolitoa mwanasayansi Gustavus Hinrichs wa jimbo la Iowa mwaka 1888. Ile ya tarehe 10 Agosti 2020 ilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa 14, na mji wa Cedar Rapids, Iowa, ulipata upepo uliokadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Hiyo ilipiga Iowa mchana, wingu likionekana. Usiku halionekani, na ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walio nje. Tangu 2021, idara ya hali ya hewa hutuma tahadhari kwenye simu upepo unapotarajiwa kufikia takriban kilomita 130 kwa saa. Nawasihi wakazi wasizizime, na wanaoishi katika nyumba za kuhamishika waamue kabla ya kulala watakimbilia jengo gani.