Ukija Kigoma, lala Mwanga

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wageni ninaowapangia safari ni hili: "Kaka, Kigoma nilale mtaa gani?" Wengi huuliza huku tayari wana jibu lao mfukoni. Wameona picha ya ufukwe, maji ya bluu na milima ya Kongo ng'ambo, wanataka chumba chenye dirisha linalotazama Ziwa Tanganyika. Mimi nawarudishia swali: utaondoka na chombo gani, na saa ngapi? Basi, boti, treni na ndege kila kimoja kina sehemu yake hapa, na sehemu hizo hazipo jirani. Mtu akishanijibu, mara nyingi namwambia alale Mwanga, na ufukwe aende kuutembelea mchana.

Sababu ipo kwenye umbo la mji wenyewe. Manispaa ya Kigoma-Ujiji ni miji miwili iliyozaliwa kwa nyakati tofauti ikaja kugusana. Ujiji ndiyo ya kwanza. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora, njia ya pembe na ya watumwa. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone hapohapo. Kigoma yenyewe ilikua baadaye, kwa sababu Wajerumani walitaka ghuba yenye kina na iliyokingwa na upepo, na pwani ya Ujiji iko wazi mno kwa meli kubwa. Reli ya Kati ikafika mwaka 1914, ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mwaka uliofuata meli iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani ikashushwa majini hapa Kigoma. Ndiyo ambayo Waingereza waliiibua kutoka chini ya ziwa mwaka 1924 na kuipa jina la Liemba. (Usipange safari yako ukiitegemea kabla hujauliza bandarini.)

Kwa hiyo una stesheni na bandari upande mmoja, na mji wa kale upande wa pili, kilomita 8 hivi kusini-mashariki. Katikati, juu ya mwinuko, ndiko ilikokua Mwanga. Ukitoka stesheni barabara ya Lumumba inapanda, maduka na benki kushoto na kulia, kisha unaingia Mwanga na kelele zake. Daladala za Ujiji zinapita hapo. Za kurudi mjini zinapita hapo. Stendi kuu ya mabasi, Masanga, iko upande huohuo wa juu, karibu zaidi na Mwanga kuliko na stesheni.

Hilo la stendi linabeba uzito kuliko linavyoonekana. Mabasi ya mbali yanaondoka alfajiri, na wakisema saa kumi na mbili, saa kumi na moja na nusu unatakiwa uwe umesimama pale na mzigo wako. Ukiwa umelala kule ufukweni, Katonga au Bangwe, penye mandhari nzuri, utamtafuta bodaboda gizani na atakutajia bei ya gizani. Ukiwa Mwanga unashuka ngazi, barabarani tayari kuna mtu anauza chai.

Simaanishi kwamba sehemu nyingine hazifai. Mjini chini, karibu na stesheni, panamfaa anayeshuka treni usiku akiwa hoi, au mwenye shughuli bandarini na kwenye ofisi za serikali. Tatizo lake ni moja: ofisi zikifungwa, watu wanapanda juu, na wewe unabaki na taa za barabarani. Ujiji ni ya kushinda. Nenda asubuhi, tembea taratibu kwenye mitaa yenye nyumba za kizamani na miembe mikubwa, ingia kwenye makumbusho ya Livingstone, uone jinsi mnara wake ulivyo mbali na maji, ingawa enzi zile ziwa lilikuwa karibu. Halafu kula, panda daladala, rudi. Kwa mgeni asiye na ndugu huko sioni sababu ya kulala.

Sasa Mwanga yenyewe. Kosa la kawaida ni kuchukua gesti ya kwanza yenye bango, na mabango mengi yako kwenye barabara kuu. Huko utapata muziki wa baa mpaka usiku mkubwa, kisha honi za daladala kuanzia alfajiri. Ingia ndani mtaa mmoja au miwili. Bado utaisikia barabara, lakini kwa mbali, na hatua zako kutoka kituoni zinabaki chache. Ukiingia ndani zaidi ya hapo, angalia njia: Mwanga kuna miteremko, na mvua za kuanzia Oktoba au Novemba hadi karibu na Mei zikinyesha, vichochoro vya udongo mwekundu vinageuka utelezi ambao sanduku la magurudumu halina kazi.

Kabla hujalipa, omba uone chumba, na ukiwa ndani fungua bomba. Usiulize kama maji yapo, maana utajibiwa yapo. Fungua. Likitoa hewa, uliza kama kuna tangi na linajazwa lini. Kisha uliza umeme ukikatika inakuwaje. Chandarua kikunjue, ukiangalie kwa mwanga wa dirisha. Mhudumu hatakasirika, mwenyewe angekuwa mgeni angefanya hivyohivyo.

Kipimo changu kingine cha mtaa ni cha usiku. Saa moja na nusu jioni simama kwenye kituo kilicho karibu na hapo unapotaka kulala. Hesabu daladala. Tazama ni nani wanaoshuka: akina mama wenye vikapu, wanafunzi, watu wa makazini? Wanatembea peke yao kuingia vichochoroni, au wanasubiriana? Wauza mishkaki na chipsi wapo? Mtaa ambao mama anatembea na mtoto saa hiyo bila kugeuka nyuma, nawe utatembea. Hili halipo kwenye ramani ya simu, na nyota za hoteli hazilisemi.

Ukishaweka mzigo, anza na soko la Mwanga, na nenda asubuhi kabla jua halijapanda. Kwenye safu za dagaa usiwe na haraka. Dagaa wa Kigoma wana jina nchi nzima na bei yao inalijua jina hilo, kwa hiyo inafaa uelewe unachokinunua. Kuna walioanikwa juu ya chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, na kuna walioanikwa chini mchangani. Chukua mmoja, mtazame tumboni: wa chanja anang'aa fedha safi, ni mkavu hadi kichwani, na ukimvunja anatoa mlio. Wa mchangani mara nyingi ana vumbi lililoshika kwenye magamba, na ukimtafuna utasikia mchanga menoni hata kabla hujamaliza kumtafuna. Mama muuzaji hatakuficha. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama," na akishasema "Marahaba mwanangu" uliza moja kwa moja: hawa wa chanja? Asubuhi ukimwongezea "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, lugha ya wenyeji wa huku, atacheka, na huenda kipimo kikajaa kidogo zaidi. Huenda.

Pembeni utakuta mawese kwenye chupa na madumu, mekundu mazito, na unga wa muhogo mweupe uliorundikwa kwenye viroba. Hivyo viwili ndivyo chakula cha mchana: tafuta mgahawa wa mama lishe unaopika mgebuka, samaki wa ziwa hili, kwa mawese na ugali wa muhogo. Ugali huo unavutika, si kama wa sembe, na mgeni wa mara ya kwanza huwa anautafuna, wenyeji wanaumeza. Upande wa vitenge nenda na mtu anayejua, la sivyo utabebeshwa chapa ya kuiga kwa bei ya halisi.

Mchana wa siku hiyohiyo panda daladala moja na uende nayo mpaka mwisho, Ujiji, bila kushuka njiani. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuuelewa mji. Kaa upande wa dirisha. Nauli ulizia kwa abiria mwenzako badala ya konda, na uwe na hela ndogo. Konda akiambiwa avunje noti ya elfu kumi asubuhi, atakuzungusha na chenji mpaka ushuke. Ukirudi, shuka kituo kimoja kabla ya kwako na umalizie kwa miguu.

Jioni ni ya Kibirizi, ufuko ulio kaskazini mwa bandari. Kutoka Mwanga chukua bajaji, au shuka mjini uunganishe. Hapo ndipo ulipo mwalo wa dagaa, mahali wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, na boti za abiria za vijiji vya kaskazini, zikiwemo zinazopita hifadhi ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianzia utafiti wake wa sokwe mwaka 1960. Lakini tazama mwezi kabla hujaenda. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika nchi kavu. Siku za giza, jioni utaona taa zinatoka moja moja na baadaye ziwa linakuwa na mstari mrefu wa mianga. Asubuhi mwalo mzima unameta kwa dagaa wabichi. Kuna pia misimu ya kufunga uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukija wakati kama huo, Kibirizi ni kimya na bei za dagaa sokoni zinapanda.

Kuna watu wawili ambao siwapeleki Mwanga. Wa kwanza ni anayekwenda Gombe tu na kurudi, bila haja ya mji. Huyo alale karibu na Kibirizi. Wa pili ni familia yenye watoto wadogo inayotaka kuogelea na kulala mchana; hao wakae kwenye fukwe za upande wa Katonga, wakubaliane na dereva mmoja wa bajaji kwa siku zote.

Popote utakapolala, tembea na kitambulisho. Huu ni mkoa wa mpakani, na kwenye mabasi ukaguzi wa uhamiaji ni jambo la kawaida. Aliyeacha kitambulisho chini ya mzigo kwenye buti ndiye anayechelewesha gari zima. Bandarini usipige picha kabla hujaomba ruhusa.

Tiketi ya basi ikate siku moja kabla, Masanga kwenyewe, dirishani, wala usimpe hela mpiga debe anayekufuata barabarani. Kiti omba upande wa kivuli: ukienda mashariki asubuhi jua linakuwa mbele yako, na mchana kutwa linazunguka. Waulize wanaokata tiketi, wanajua. Na daladala ya kwanza kutoka Mwanga kwenda stendi muulize mwenye gesti usiku uleule, kwa sababu yeye ndiye atakayekugongea mlango.