Muhammad Yunus na mikopo ya wanyonge: yanayosemwa na yaliyotokea

Tanzania, mikopo midogo ya mitaani imeshapata jina lake: kausha damu. Mama akikosa rejesho la wiki, maofisa wanafika kubeba kochi na televisheni, na jirani anayejua mambo anasema hayo yote ni ya yule profesa wa Bangladesh, Muhammad Yunus. Wengine wanamsifu kama mkombozi. Wanaomlaumu na wanaomsifu wote wana hadithi zisizo sawa.

"Alimpa mwanamke mmoja dola 27, akatajirika"

Dola 27 ni kweli, ila zilikuwa za watu 42. Mwaka 1976 Yunus alikuwa mkuu wa idara ya uchumi Chuo Kikuu cha Chittagong. Njaa ya 1974 ilikuwa imemchosha na nadharia za darasani, akawa anazunguka kijiji cha Jobra, jirani na chuo. Huko akamkuta mama anayesuka vigoda vya mianzi. Mama huyo alikuwa akikopa taka 5 (taka ni fedha ya Bangladesh), kama senti 22 za Marekani, kwa mfanyabiashara wa mianzi, kwa sharti kwamba vigoda atamuuzia yeye mwenyewe kwa bei atakayoipanga yeye. Faida ya siku nzima ya kazi ilikuwa senti 2. Yunus akaorodhesha watu wa aina hiyo kijijini, na madeni yao wote 42 yakafika dola 27 tu. Akatoa mfukoni mwake, ukiwa mkopo na si sadaka.

Kazi hasa ilianza baada ya hapo. Alipokwenda benki aliambiwa maskini hawakopesheki kwa kuwa hawana dhamana, ikabidi asimame yeye kuwa mdhamini wao. Mradi wake huo wa mikopo, Grameen, ulipata hadhi ya benki mwaka 1983 tu, miaka saba baadaye.

"Wanawake walimkimbilia"

Wapi! Katika maeneo yale, mwanamume mgeni haingii ndani kuzungumza na mke wa mtu. Yunus alisimama uwanjani, katikati ya nyumba, na mwanafunzi wake wa kike akawa anaingia na kutoka kupeleka maswali na kurudisha majibu. Wengi walikataa: mpe mume wangu, mimi pesa sijawahi kuzishika. Kufikisha nusu ya wakopaji kuwa wanawake kulichukua kama miaka sita. Zile asilimia 97 zinazotajwa leo zilikuja baadaye.

"Kausha damu ni uvumbuzi wake"

Hapa panahitaji hesabu. Riba ya Grameen kwa mkopo wa biashara ni asilimia 20 kwa mwaka, lakini inakokotolewa kwenye deni lililobaki. Aliyekopa taka 1,000 na kulipa kila wiki kwa mwaka mzima anarudisha kama taka 1,100. Mkopeshaji anayetangaza asilimia 20 hiyohiyo lakini akaipiga kwenye mkopo wote tangu siku ya kwanza anachukua 1,200. Namba ya kwenye karatasi ni moja, ila faida ya mkopeshaji ni mara mbili. Na wengi wetu tunasaini bila kuuliza riba inapigwa wapi.

Mwaka 2007 Compartamos, benki ya mikopo midogo ya Meksiko, iliyokuwa ikitoza zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka, iliuza hisa zake kwa umma na wawekezaji wakavuna. Yunus aliilaani hadharani. Hata hivyo si haki kumsafisha kabisa. Vikundi vya watu watano na marejesho ya kila wiki mbele ya wenzako aliving'arisha yeye. Kisheria Grameen haimdai mwenzako deni lako, lakini aibu ya kikundi ni dhamana nzito kuliko hati ya nyumba, na wakopeshaji wengi waliiga aibu hiyo wakaiacha hesabu ya riba.

"Inaondoa umaskini"

Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita, kutoka India, Ethiopia, Moroko, Meksiko, Mongolia na Bosnia. Mikopo midogo iliwapa watu nafasi ya kupumua na kupanga biashara zao, ila kipato cha familia kwa wastani hakikupaa. Yunus alikuwa akisema maneno makubwa zaidi ya hayo.

"Alifukuzwa kwa wizi, na Nobeli yake ni ya uchumi"

Nobeli ya 2006 ni ya Amani, na nusu yake ni ya Benki ya Grameen. Tuhuma za kuhamisha fedha za wafadhili ziliibuka 2010, serikali ya Norwei ikachunguza na kusema haikuona wizi. Mwaka 2011 aliondolewa ukurugenzi wa Grameen kwa hoja ya umri: alikuwa na miaka 70, kikomo kikiwa 60. Waziri mkuu Sheikh Hasina alikuwa akimwita mnyonya damu ya maskini. Agosti 2024 Hasina alikimbia nchi, na siku tatu baadaye Yunus akaapishwa kuongoza serikali ya mpito.

"VICOBA ni mtoto wa Grameen"

Mizizi ya VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana, iko Niger, kwenye vikundi vya akiba vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Huko pesa ni za wanachama wenyewe: wananunua hisa, wanakopeshana, na siku ya kuvunja kikoba riba waliyolipa inagawanywa kwao. Grameen inaanza na mkopo wa benki, na riba inaingia benki.