Je, wajua kwa nini ndege ya mfano iliyoruka vizuri Dar hugoma kupaa Mbeya?

Kijana kaichonga ndege yake kutoka kwenye yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki. Dar ilipaa bila hata kumaliza nguvu. Amerudi nayo Uyole, hapa Mbeya, anairusha, inakwenda kidogo, inalalia bawa moja na kuanguka. "Betri ndogo," wanasema wenzake. Anaweka kubwa zaidi, nayo inaanguka mapema kuliko mwanzo.

Shida ni hewa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, hata ukihesabu baridi yetu. Ili bawa liibebe ndege ileile, lazima ikimbie haraka zaidi kwa karibu asilimia 8. Propela nayo, kwa mizunguko ileile, inasukuma pungufu kwa zile 15. Sasa ukiongeza betri nzito, unadai mwendo mkubwa zaidi kutoka kwa propela ambayo tayari imezidiwa.

Mota yenyewe haina kosa lolote. Injini ya mafuta huchoka milimani kwa kukosa oksijeni, lakini mota ya umeme haipumui. Katika hewa nyepesi inazunguka kwa ulaini na kula ampea chache kuliko ilivyokula pwani, yaani ina nguvu ya akiba isiyotumika. Kwa hiyo gusa propela kwanza. Kama ilikuwa ya inchi 9, jaribu ya 10, kisha pima ampea kabla ya kuruka. Zikizidi kiwango cha mota, rudi nyuma.

Anayeanza upya aanze na mizani, si duka. Ndege ya kujifunzia huhitaji wati 150 hadi 200 kwa kila kilo, na huku juu mimi nashika ile 200. Ndege ya gramu 800, betri ikiwemo, inataka wati 160. Lipo (betri nyepesi ya lithiamu-polima) ya seli tatu ina volti 11.1, kwa hiyo ni ampea 14 na ushee. Kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachoipimia mota umeme wa betri, cha ampea 30 kitafanya kazi bila kuungua. Mota ichaguliwe kwa KV, ambayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti bila mzigo: KV 1,000 kwa betri hiyo ni mizunguko 11,100, na inafaa propela ya inchi 9 au 10. KV ikiwa kubwa, propela iwe ndogo.

Kwenye betri watu hutazama mAh (ujazo wa chaji) tu na kusahau C, yaani mara ngapi ya ujazo huo betri inaweza kutoa kwa mpigo. Lipo ya mAh 2,200 yenye 20C inaweza kutoa ampea 44, zaidi ya kutosha. Ukitumia asilimia 80 ya chaji yake (usiikaushe, itaharibika) kwa ampea 15 mfululizo, unapata dakika 7. Ukipunguza kasi ya mota angani, dakika zinaongezeka.

Na zile seli za laptop mbovu zinazopatikana kwa mafundi wa Mwanjelwa, hapa mjini? Kwa taa, sawa. Seli moja ya aina hiyo kwa kawaida hustahimili ampea 4 au 5. Kufikia 15 kwa volti zilezile utafunga tisa (safu tatu za seli tatu), kila moja gramu 45 hivi, jumla gramu 400. Lipo ya kazi hiyo haifiki 200. Ukizilazimisha seli tatu pekee, volti zinashuka, zinachemka, na zinaweza kuwaka moto.

Kuna jambo la Juni na Julai pia. Lipo iliyopoa hutoa volti pungufu, na asubuhi za Mbeya zinajulikana kwa baridi. Iweke ndani ya koti njiani kwenda uwanjani, uifunge kwenye ndege dakika ya mwisho.